Mwaka wa Mstari wa Njano

Barua ya shule ilinikuta Penrith, nimesimama jikoni na soksi za mume wangu miguuni, nikijaribu kumalizia insha kuhusu unyenyekevu ambayo mhariri alikuwa akinidai kwa wiki ya tatu. Ilikuwa barua ya adabu. Walisema vile vyumba vinne vya nyuma, vya mbao na bati, vitabebwa kwa lori mwezi ujao, na kabla havijabebwa wangependa kuwakusanya watu waliosoma humo. Wangefurahi kama mimi, mwanafunzi wa kwanza kuvuka kutoka nyuma kwenda mbele, ningezungumza kwa dakika kumi. Kisha wakaongeza kwamba mwenzangu wa zamani, Safi, amewaandikia kisa kizuri cha siku alipoingia darasani bila ruhusa nami nikamtolea kiti, na kwamba kisa hicho kitachorwa kwenye kibao kidogo cha shaba ukutani. Niliisoma barua mara mbili. Kisa ni kizuri kweli, na kilitokea kama Safi alivyokieleza, isipokuwa mahali pamoja: aliyemtolea kiti si mimi. Nimelijua hilo kwa miaka ishirini na sita, na kwa miaka ishirini na sita sikumwambia. Niliiweka barua juu ya friji, mahali ninapoweka mambo yanayohitaji ujasiri, nikarudi kwenye unyenyekevu wangu, na sikuweza kuandika hata sentensi moja.

Habari za ukoo nitaziacha. Anayetaka kujua tulikotoka na atosheke na haya: tulitoka Kivu, tukakaa kambini Kigoma miaka saba, tukafika Sydney nikiwa na umri wa miaka kumi na sita na koti la mtu mzima. Tulipewa fleti ya matofali mekundu nyuma ya kituo cha treni cha Merrylands, vyumba viwili na jiko ambalo dirisha lake lilitazama kamba za nguo za jengo zima, hivi kwamba ndani ya mwezi mmoja tulijua nani ana kazi mpya na nani amefiwa kwa kuangalia kilichoanikwa. Mlango wa pili waliishi Safi na mama yake, ambao nao walipitia kambi ile ile. Safi alinizidi mwaka mmoja, kwa hiyo nilimwita Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, na akina mama wa Kenya pale kanisani wakawa wananionea huruma wakidhani binti mdogo hivi tayari ana mlezi wa kuajiriwa. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuhesabu vitu kwa midomo bila sauti: ngazi, mabehewa, vidonge vya bibi wa ghorofa ya chini. Mimi nilikuwa msemaji. Hilo litaeleza mengi yaliyofuata.

Shule ilikuwa na upande wa mbele na upande wa nyuma. Mbele kulikuwa na jengo la matofali, maktaba, maabara na mti mmoja mkubwa wenye benchi kuuzunguka. Nyuma, ng'ambo ya uwanja wa kriketi, kulikuwa na vile vyumba vinne vilivyoletwa kwa lori siku moja na kusahauliwa hapo, na humo tuliwekwa sisi tuliofika karibuni: Wakongo, Wasudani, Waafghani, Waashuri kutoka Iraki. Tulikuwa na bomba letu, vyoo vyetu, geti letu na kengele yetu. Kengele yetu ya mapumziko ililia dakika ishirini baada ya yao, hivyo wakati sisi tunatoka wao wanaingia, na kwa wiki nzima unaweza usikutane na mtu wa mbele hata mmoja. Chini, kwenye lami, kulikuwa na mstari wa njano, na aliyetaka kuuvuka alihitaji kadi yenye sahihi ya mwalimu. Tulipaita Kambi. Tulitoka kambini tukapelekwa Kambi, alisema Safi, na hiyo ilikuwa sentensi yake ndefu ya wiki ile. Nataka nieleweke: hakuna aliyetutukana. Mkuu wa shule, mama mwembamba mwenye miwani ya kamba, alitueleza kwamba ni kwa usalama wetu, kwa sababu mwaka uliotangulia kulikuwa na ugomvi uwanjani, na kwa maendeleo yetu, kwa sababu tungejifunza Kiingereza vizuri zaidi tukiwa peke yetu. Alieleza huku akitabasamu na kutugawia biskuti. Nimekuja kusoma sana kuhusu kutenganishwa kwa wanafunzi katika nchi nyingine, palipokuwa na mbwa na askari, na kila mara huwa naona haya kutaja biskuti zetu. Lakini swali ambalo hakulijibu lilikuwa jepesi hata kwa sisi wa Kiingereza cha kuokoteza: utajifunzaje lugha ya watu ambao huruhusiwi kukutana nao?

Mwaka ule wakaamua kujaribu. Mwanafunzi mmoja kutoka Kambi angeruhusiwa kuvuka kila siku kwenda kusoma hesabu na wanafunzi wa mbele. Akifaulu hadi katikati ya mwaka, wengine wangefuata; akishindwa, wangeona kwamba muda haujafika. Walitufanyia mahojiano, si mtihani, na ndipo mdomo wangu uliponipa cheo nisichostahili. Safi alikuwa akinizidi hesabu kama mpishi anavyomzidi mtu anayejua kuchemsha maji. Ila katika mahojiano aliulizwa maoni yake kuhusu kujifunza akatazama chini na kunyamaza, kama binti aliyelelewa vizuri anavyofanya mbele ya mkubwa, wakati mimi nilitoa hotuba. Nikachaguliwa. Na aliyebanwa na muda alikuwa Safi, si mimi. Karatasi zake, kama za sisi sote ambao tarehe zetu za kuzaliwa zilijazwa na karani mwenye haraka, zilisema alizaliwa tarehe moja Januari, na Januari iliyokuwa inakuja angetimiza miaka kumi na minane. Mwenye umri huo ambaye bado yuko Kambi alipewa cheti cha shukrani na kupelekwa kutafuta kazi. Lakini aliyeandikwa kwenye daftari la mbele kabla ya mwaka kwisha aliruhusiwa kuendelea mpaka amalize sekondari. Kwa hiyo hesabu zangu zilikuwa na mtu mwingine ndani yake. Kila alama niliyopata ilikuwa hatua ya Safi kuelekea ule mstari.

Siku ya kwanza nilivuka na kadi yangu mkononi kama mtu anayeingia benki kuomba mkopo. Chumba cha hesabu kilikuwa ghorofani na kilinuka machungwa, kwa sababu Bwana Halloran, mwalimu, mzee mwenye tai za ajabu, alikuwa na desturi ya kumenya chungwa wakati wanafunzi wanafanya zoezi. Alipoingia nilisimama wima mikono nyuma, kama tulivyosimama Kigoma, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyesimama, akadhani nina swali. Nikadhani ananitaka niseme kitu. Nikamwambia shikamoo. Darasa lilicheka, naye akafikiri kidogo, akaniuliza jibu lake ni nini, nikamfundisha, na tangu siku ile kila asubuhi nilisimama peke yangu nikamwamkia naye akajibu "marahaba" kwa lafudhi ya mtu anayetafuna kokoto. Niliketi meza moja na Rima, msichana wa Kilebanoni aliyezaliwa pale pale Merrylands, mwenye kalamu za rangi kumi na mbili na hofu ya kweli ya hesabu za sehemu. Alinitazama kwa siku tatu. Siku ya nne akaniuliza kama nywele zangu zinauma, na tukawa marafiki.

Shule halisi ilikuwa jikoni kwetu, alasiri, kabla mama zetu hawajarudi kutoka ghala walikofungasha mboga za supamaketi. Safi alikuwa ananisubiri na penseli. Nilimletea zoezi la siku hiyo naye alilitazama kama watu wanavyotazama mtoto wa jirani, kuona ana sura ya nani, kisha akalifungua. Hakunipa jibu kamwe. Nilipokwama na kuanza kuangalia kamba za nguo, alinigonga kichwa kwa penseli. "We Riziki, hii kichwa yako iko ya mapambo? Mtu anaacha hesabu katikati kama nguo ya kufua?" Saa moja baadaye mama zetu waliingia na mifuko ya karoti zilizopinda, zile ambazo supamaketi haizitaki, na nyumba ikajaa harufu ya sombe, yaani kisamvu, iliyotoka kwenye friza ya duka la Mfilipino, ikipikwa na mawese mpaka kuta zinatoka jasho. Tuliketi sakafuni sisi wanne, sahani moja ya fufu, ugali wetu wa muhogo, katikati, na akina mama walizungumza juu ya vichwa vyetu kana kwamba tulikuwa samani. Mama yangu alimsifu meneja wa ghala kwa kuwa anamsalimia. Mama Safi alisema yule hasalimii, anahesabu watu. Kisha sauti yake ikashuka, akasema Januari iko karibu kuliko watu wanavyofikiri, na mama yangu akamsogezea samaki. Safi aliendelea kula. Nilijua ameisikia kwa sababu aliacha kuhesabu matonge.

Mtihani wa muhula ulikuja mwezi wa tano. Nilikuwa nimemaliza mapema, nikamwona Rima amekwama kwenye swali la sita, jicho limejaa maji, ameng'ata kalamu ya zambarau mpaka ulimi umekuwa wa zambarau. Sasa lazima nieleze Kigoma, si kwa kujitetea, maana nimechelewa sana. Darasa letu la kambini lilikuwa na watoto themanini na vitabu kumi na moja. Mtoto mmoja aliyeelewa aliketi mwisho wa benchi na kupitisha njia aliyotumia kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, mpaka benchi zima likaelewa, na mwalimu alisahihisha benchi, si mtoto. Kumaliza na kukaa kimya wakati mwenzako analia kulikuwa uchoyo, na uchoyo ulichapwa. Kwa hiyo niliigeuza karatasi yangu, nikaisogeza katikati ya meza, nikaweka kidole kwenye swali la sita. Sikuificha. Nilifanya kwa mkono wazi kama mtu anayempisha mwenzake bakuli. Rima alininong'oneza niondoe, nikadhani anaona aibu kupokea, nikaisogeza zaidi. Msimamizi wa mtihani, ambaye hakuwa Bwana Halloran, aliona yote tangu mwanzo na akasimama juu yetu akiwa na uso wa mtu aliyekuta mwizi anafagia sebule.

Bwana Halloran alinitetea. Nilikuja kujua baadaye kwamba alimwambia mkuu wa shule hakuna mdanganyifu duniani anayetumia kidole, kwamba ni suala la kutoelewa, na kwamba mkuu alikuwa karibu kukubali. Rima naye alikwenda mwenyewe ofisini akasema alitazama jibu, akapewa sifuri, akatoka ananiambia, "Wewe una wazimu, habibti," huku akinishika mkono. Jambo lingeishia hapo. Lakini barua ilifika nyumbani, na mama zetu wakaketi kikao pale jikoni, na pastori akaitwa.

"Mtoto amekosa," mama alisema. "Tunaenda kuomba pardon, maneno inaisha."

"Na mikono mitupu?" akauliza Mama Safi.

Lilikuwa swali la kijinga, na yeye mwenyewe alishaanza kuosha sufuria.

Tulikwenda watu tisa. Pastori alivaa suti yake ya mazishi. Akina mama watatu wa kwaya walikuja kwa kuwa sauti zao zinaaminika. Tulibeba sombe, fufu iliyofungwa kwa taulo ibaki moto, na ndagala, dagaa wa kwetu, wa kukaanga ambao harufu yao ilitutangulia kwenye korido na kumwamsha karani. Mkuu wa shule hakuwa na viti tisa. Pastori alizungumza kwa Kifaransa, mimi mtuhumiwa nikitafsiri mashtaka yangu kwa Kiingereza na kuyapamba kidogo, nakiri. Alisema mtoto ameiba, wazazi wameona aibu, jamii nzima imekuja kuinama. Kisha mama yangu akapiga magoti. Mkuu wa shule aliinuka, akaketi, akazunguka meza, na kwa kutojua la kufanya, naye akapiga magoti mbele yake, miwani ikining'inia kwenye kamba, na hapo karani akafungua mlango akakuta wanawake wawili wazima wanatazamana sakafuni juu ya sufuria ya sombe. Ningependa kuishia hapo. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote za mwaka ule, na nadhani yule mama alikuwa na machozi ya kweli. Ila kwetu kuomba msamaha hufunga jambo. Anayekuja na wazee na chakula amelipa, na aliyepokea chakula hawezi tena kulitaja. Huku kuomba msamaha ndiko kukiri, na kukiri huandikwa. Kabla sisi tisa hatujafika hakukuwa na kesi, kulikuwa na kutoelewa. Tulipoondoka kulikuwa na faili: familia imekubali kosa. Wiki moja baadaye iliamuliwa kwamba nitaendelea mwaka huo kwa uangalizi, nikiketi meza ya peke yangu, kiti cha pili kibaki wazi wakati wote, na kwamba hakuna mwanafunzi mwingine wa Kambi atakayevuka mpaka mwaka upite na jambo litazamwe upya. Mwaka upite. Mama Safi alisomewa barua ile mara moja tu. Akasema sufuria yake haijarudishwa.

Niliogopa miezi ile kuliko nilivyowahi kuogopa Kigoma, ambako angalau tulijua tunachokiogopa. Nilivuka mstari asubuhi, nikaketi kwenye meza yangu, nikaweka begi juu ya kile kiti cha pili ili kila mtu aone kwamba kimejaa na hakimkaribishi mtu. Niliacha kumsaidia yeyote. Rima, aliyehamishiwa meza ya ng'ambo ya kinjia, alininong'oneza mambo ya kuchekesha nami sikugeuka. Nilikuwa mwanafunzi wa mfano. Alama zangu zilikuwa za juu kuliko za darasa zima, na zote zilitengenezwa na Safi, ambaye aliendelea kunisubiri jikoni kila alasiri na penseli yake kana kwamba hakuna barua iliyokuja. Hakunilaumu hata mara moja. Tena alianza kunifundisha kurasa za mbele ya tulipofika, na mimi, katika ujinga wangu, nilidhani ananiandaa mimi. Siku moja tu, tukiwa kwenye trigonometria, aliniuliza kile chumba kikoje. Nikamwambia kinanuka machungwa. Akauliza kina viti vingapi. Nikamwambia thelathini, na cha pembeni yangu hakikaliwi. Akaandika kitu pembeni ya daftari, akafuta.

Ilikuwa mwezi wa kumi, asubuhi ya upepo wa moto. Bwana Halloran alikuwa anaita majina. Mlango ulifunguka na Safi akaingia. Hakuwa na kadi. Alivaa sketi ya kanisani na alibeba daftari kifuani kwa mikono miwili, na alikuwa anatazama sakafu, kama tulivyofundishwa kuingia mahali penye mkubwa. Alivuka uwanja wote wa kriketi na ule mstari wakati wa kengele yao, mbele ya macho ya shule nzima, na sasa alitembea kati ya meza bila kuinua kichwa, moja kwa moja, mpaka kwenye meza yangu, akasimama mbele ya kile kiti. Begi langu lilikuwa juu yake. Nilimwona tangu mlangoni. Nilijua alichokuja kufanya, nilijua Januari, nilijua nani aliyenifundisha kila mstari uliokuwa kwenye lile daftari nililokuwa nimelikodolea macho. Nilijua pia kwamba nikisogeza begi nimevunja sharti, na nikivunja sharti nimerudi Kambi. Nikatazama daftari. Sijui ilichukua muda gani. Kisha mkono ukapita mbele yangu, ukalishika begi, ukaliweka sakafuni taratibu bila kelele. Ulikuwa mkono wa Rima, aliyeinuka akavuka kinjia. Aliporudi kwenye kiti chake hakunitazama.

Safi akaketi. Bwana Halloran alihesabu vichwa kwa macho, akarudia, kama mtu anayetaka ushahidi uwe kamili. Alimwuliza jina. Safi akasimama, akamwamkia shikamoo, naye akajibu marahaba, na darasa halikucheka. Akaliandika jina kwenye daftari la mahudhurio kwa wino, akasema, "Safi. Herufi nne. Nafasi ya herufi nne ninayo." Kisha akarudi kwenye pembetatu zake. Hivyo tu. Kesho yake walivuka Waashuri wawili na mvulana wa Kisudani, kila mmoja akatafuta chumba chenye kiti. Wiki iliyofuata tulikuwa kumi na wanne. Mkuu wa shule angeweza kutufukuza, na wapo waliomshauri hivyo, lakini majina yalishaandikwa kwa wino na walimu waliokuwa wameyaandika walikataa kuyafuta. Nadhani pia kuna mlango ndani ya yule mama uliobaki wazi tangu siku ile ya sakafuni. Mwaka ulipoanza tena kulikuwa na kengele moja. Mtu alikuja na rangi nyeusi akafunika mstari, ingawa siku za jua kali uliendelea kuonekana chini yake. Safi alimaliza sekondari, akasomea uuguzi. Mimi nikaenda chuo kikuu kujifunza namna ya kuandika kuhusu watu jasiri.

Ningeweza kumwambia wakati wowote. Nilikaribia siku ya harusi yake, katika ukumbi wa kanisa Merrylands, lakini yeye akanitangulia. Alichukua maikrofoni, Safi ambaye hakuwahi kuchukua hata kijiko cha kugawia, akasema kuna mtu mmoja bila yeye asingekuwa hapa, na akaeleza kisa cha begi. Alieleza kwamba hakuthubutu kuinua macho, aliona begi tu, halafu akaona mkono unaliondoa. Watu walipiga vigelegele. Walinigeukia. Nikasimama, nikaweka mkono kifuani, nikainama. Kuna picha yangu nikiinama. Nimevaa kitenge cha rangi ya papai na uso wa mtu mnyenyekevu sana.

Siku tano baada ya barua nilibadilisha treni mara mbili nikaenda Macquarie Fields, anakoishi. Njiani tulipita Merrylands, nikajifanya nasoma. Safi alikuwa ametoka zamu katika nyumba ya wazee anakofanya kazi, ameketi jikoni miguu iko kwenye beseni la maji ya moto, maharagwe yanachemka. Alikwishasikia kuhusu kibao, alifurahi, akaniuliza nitavaa nini. Nilikuwa nimeandaa maneno ya maana kwenye treni. Yote yalipotea.

"Yaya," nilisema, "lile begi sikuliondoa mimi. Aliliondoa Rima."

Alinitazama. Akatoa mguu mmoja kwenye maji, akaufuta kwa taulo, kidole kimoja kimoja.

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natazama daftari."

"Uliniona?"

"Tangu mlangoni."

Akafuta mguu wa pili. Sufuria ikaanza kumwagika, nikainuka nikapunguza moto, nikabaki nimesimama pale kama mgeni asiyejua akae wapi.

"Kwenye harusi yangu ulisimama," alisema.

"Nilisimama."

"Na ukacheza."

"Nilicheza kidogo."

"Ulicheza nyimbo mbili, Riziki." Hakucheka, lakini sauti yake ilikuwa karibu na mahali kicheko kinapokaa. Kisha ikaondoka hapo. "Ule mwaka nilikuwa na hasira na wewe, unajua? Walichagua wewe, halafu ukaharibu, halafu kila siku nakufundisha. Nilikuwa nakuchukia kabisa. Lile begi ndiyo ilinitoa hasira. Siku moja tu ilitoka yote."

Niliwaza kwamba miaka ishirini na sita ya chakula chake, simu zake, watoto wake kuniita mama mdogo, vyote nilivipokea kwa jina la mtu mwingine. Nikamwambia nitaiandikia shule wabadilishe kibao, na kwamba namtafuta Rima, na kwamba sasa naweza kuondoka kama anataka. Nikashika mkoba.

"Kaa," akasema. "Shule utaandika kesho."

Akamwita binti yake, Neema, aliye na miaka kumi na mitano, ambaye anaelewa kila neno la Kiswahili na hajawahi kunijibu kwa lugha hiyo. Alikuja akitoa vitu masikioni, akatutazama mmoja mmoja. Safi alimwambia aketi. Alisema kuna jambo amemwambia mara nyingi, kila anapogombana na rafiki zake, na sasa amegundua alilisema vibaya, na mwenye jambo yuko hapa, atalisahihisha mwenyewe. Neema akaketi mbele yangu. Nilianza kwa kusema kwamba niliogopa. Nilieleza sharti, uangalizi, faili, jinsi nilivyokuwa mdogo. Akaniuliza kwa Kiingereza, bila ubaya, mama yake alikuwa na umri gani. Nikamwambia kumi na saba. Akaitikia kwa kichwa polepole, akingoja.

"Hapana, usianze hapo," Safi alisema, akipakua maharagwe, mgongo umetugeukia. "Kuogopa wote tunajua. Anza mlangoni. Mi sikuona kitu, nilikuwa natazama chini. Nataka kusikia nilivyoingia."

Nikaanza mlangoni.